Kabla ya Kupanda Mtarakwa, Uliza Ukoo

Mvua zikikaribia, barabara za kutoka Nairobi hugeuka kitalu kimoja kirefu. Ukifuata Ngong Road hadi Karen, au ukipanda kuelekea Limuru, miche imepangwa kando ya lami katika vifuko vyeusi na kila mpita njia ni mteja. Misimu michache iliyopita nilisimama kwa mama mmoja nikanunua miche mitatu ya mtarakwa, mti wetu wa asili wa milimani. Nikamuuliza mbegu amezitoa wapi. "Kuna kijana huniletea," akasema, na jibu likatutosha sote wawili. Leo miwili ni mitarakwa kweli, na wa tatu umekuwa saipresi. Sikurudi kulalamika. Ikiwa mbegu za miti miwili isiyo hata ya bara moja zinaweza kuchanganyika guniani bila mtu kugutuka, sembuse mbegu za mtarakwa wa Maralal, kule kaskazini kukavu, na za mtarakwa wa milima ya Aberdare, ambazo jicho la binadamu haliwezi kuzitenganisha?

Miche hiyo hunijia akilini kila ninaposikia hesabu ya miti bilioni 15. Serikali ilizindua mpango huo Desemba 2022, lengo likiwa miti ifunike asilimia 30 ya nchi ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tukapewa hata siku ya mapumziko ili tukapande. Gawanya bilioni 15 kwa miaka kumi, kisha kwa siku: ni zaidi ya miche milioni 4 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Hesabu ya namna hiyo ina njaa, na chakula chake ni mbegu, yoyote ile, aliyoileta kijana yeyote yule. Hapo ndipo mazungumzo ya sayansi ya vinasaba yanapoingia, na yanaingia kwa mlango usiofaa. Kuna wanaosikia jinomu ya miti wakaona GMO, vile vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, imehama kutoka sahani ya ugali kwenda msituni. Kuna wanaoona muujiza: mti wa maabara usiojua ukame wala wadudu. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja, kwani wanadhani kazi ya sayansi hii ni kuumba mti. Kwa misitu yetu ya milimani kazi yake kubwa ni ya kizamani zaidi. Wazee wa jamii nyingi za nchi hii hawakupokea posa kabla ya kujua binti ni wa ukoo gani na kijana ni wa ukoo gani, hata kama boma lilikuwa na uhaba wa ng'ombe. Sisi tunaozesha mamilioni ya miti kila msimu bila kuuliza.

Tuanze na kinachosomwa. Jinomu ni maandishi yote ya vinasaba vya kiumbe. Ya binadamu ina herufi takribani bilioni 3. Ya sprusi ya Ulaya, iliyochapishwa 2013 na kundi lililoongozwa na watafiti wa Sweden, ina takribani bilioni 20. Ya msonobari wa sukari wa California, iliyotoka 2016, ina bilioni 31. Si kwamba msonobari umetuzidi akili mara kumi. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni marudio, vipande vilivyojinakili kwa mamilioni ya miaka kama mzee anayesimulia kisa kile kile kila jioni. Ukubwa huo ndio uliofanya miti ya jamii ya msonobari ichelewe kusomwa, wakati mpunga na mahindi vilikwisha kusomwa zamani, na ndio unaowafanya watu hapa kwetu waseme hii ni sayansi ya matajiri. Lakini anayetaka kujua kama miti miwili ni ndugu hahitaji kusoma kitabu kizima. Anachagua sehemu elfu chache ambapo herufi hutofautiana kati ya mti na mti, anasoma hizo, basi. Ni kazi inayokaribiana na kile kipimo cha DNA ambacho mahakama zetu huagiza kwenye kesi za matunzo ya watoto.

Tena miti hii ina jambo ambalo lingewafurahisha sana wale wazee. Ndani ya mbegu ya msonobari na jamaa zake, mtarakwa ukiwemo, akiba ya chakula inayozunguka kiinitete imetoka kwa mama peke yake na ina nusu tu ya vinasaba. Isome hiyo, kisha usome kiinitete kando: sehemu ya mama imejulikana, kilichobaki ni cha baba. Kuna na kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa jua. Kwa mimea mingi yenye maua hurithiwa kwa mama. Kwa wengi wa jamii ya msonobari hurithiwa kwa baba, zikisafiri na chavua. Kwa hiyo mbegu moja unayoishika kwa ncha za vidole inaweza kukueleza nasaba yake ya kukeni na ya kuumeni bila kukuficha. Sijui mkutano wa posa uliowahi kupata ushahidi wa namna hiyo.

Kwa mtarakwa ushahidi huo una uzito wa pekee, kwa sababu kwa kawaida mtarakwa una dume na jike: mti mmoja hutoa chavua, mwingine hubeba mbegu. Sasa fikiria mkusanya mbegu anayelipwa kwa kilo. Anakwenda kwa mti jike ulio karibu na njia, wenye matawi ya chini yaliyojaa vitunda vya samawati, anajaza gunia kutoka mti mmoja au miwili, na siku imekwisha. Miongozo ya ukusanyaji, ambayo kila mtaalamu wa misitu ameisoma, husisitiza mbegu zitoke kwa miti mingi, mara nyingi isiyopungua 30, iliyoachana vya kutosha ili isiwe ya familia moja. Kama imefuatwa au la, gunia halisemi. Miche elfu kumi ya mama mmoja, ikipangwa mbele ya wageni wa heshima na kamera, inapendeza sawa na miche elfu kumi ya akina mama hamsini. Tofauti inakuja miaka mingi baadaye, ndugu hao wanapofika umri wa kuzaa na hawana wa kuoana naye ila wao kwa wao. Jamii ya msonobari huadhibiwa vikali kwa jambo hilo: mbegu tupu zisizo na kiini, miche inayosinyaa kitaluni. Na mtarakwa, hata bila mkosi huo, ni mti wenye mbegu tupu nyingi. Muulize yeyote aliyewahi kuziotesha.

Upo mfano wa ukoo uliofika ukingoni. Mwaka 1994, katika korongo lisilo mbali sana na Sydney, Australia, iligunduliwa miti ya wollemi, jamaa wa kale wa msonobari ambao ulidhaniwa umebaki kwenye visukuku tu. Miti mikubwa haifiki mia moja. Vipimo vya vinasaba vilipofanywa, watafiti walikuta miti hiyo karibu haina tofauti yoyote, kana kwamba wote ni nakala ya mmoja. Mwishoni mwa 2019 moto ulipolivamia eneo hilo, wazimamoto walishushwa kwa helikopta kwenda kuilinda, kwa sababu hakuna akiba nyingine porini. Mti ukifika hapo, unachoweza kuufanyia ni kuuguza.

Sisi hatujafika huko, ila tumewahi kulipa bei ya kutouliza. Nyanda za juu za nchi hii zilipandwa saipresi ya Monterey mpaka kuvu ya vidonda vya gome ikaifukuza miaka ya 1950. Tukajaza msonobari wa radiata, mti wa kukua haraka uliopendwa na kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuvu nyingine, Dothistroma, ikaanza kuunguza sindano zake, nao ukaachwa. Tukaegemea saipresi ya Mexico na msonobari wa patula. Mwaka 1990 kidukari wa saipresi, aliyeonekana kwanza Malawi mwaka 1986, akaingia Kenya. Waliokuwepo wanakumbuka nyua zilivyogeuka rangi ya kutu, na mdudu huyo hakuishia kwenye saipresi za kigeni, alipanda hadi kwenye mitarakwa ya porini. Nyigu wadogo waliletwa wamkabili. Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha ni kwamba hata kwenye ua uliokauka, mti mmoja hapa na mwingine pale ulibaki kijani. Tofauti hiyo ya mti na mti ndiyo mali yote ya msitu. Unaponunua mbegu za mama mmoja, unaiacha mali hiyo nyuma.

Sasa hoja za wanaopinga. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, ile ya GMO. Kenya ilipiga marufuku vyakula hivyo Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani, na tangu hapo neno lolote lenye harufu ya vinasaba hupokewa kama mgeni wa usiku wa manane. Hofu ya watu juu ya chakula chao naiheshimu. Lakini kusoma si kuandika. Karani anayesoma cheti chako cha kuzaliwa hajakubadilishia baba, na mtarakwa uliochumwa jani moja ukapimwa unabaki mtarakwa ule ule aliouacha babu. Anayeogopa miti iliyochezewa ndiye hasa angepaswa kuidai sayansi hii. Desemba 2023, huko Marekani, shirika la American Chestnut Foundation liliacha kuunga mkono mti wa chestnut uliobadilishwa vinasaba, Darling 58, baada ya kubainika kwamba miche iliyokuwa ikipandwa kwa majaribio haikuwa Darling 58 kamwe. Ilikuwa ya mstari mwingine, Darling 54. Majina yalichanganyika miaka mingi kabla. Chestnut si wa jamii ya msonobari, lakini kosa lenyewe nalijua vizuri, ninalo uani limekuwa saipresi. Kilicholifichua kule ni kusoma vinasaba.

Hoja yenye mifupa ni nyingine, nayo huletwa na watu wanaoutembea msitu kwa miguu. Wanasema: ukiwa na shilingi moja, mpe askari wa msitu. Mtarakwa haufi kwa kukosa jinomu, unakufa kwa sababu posti yake haiozi upesi na mchwa hauutaki. Kila ploti inayozungushiwa seng'enge pembezoni mwa jiji hili inataka nguzo, na mteja haulizi nguzo ilikatwa wapi, kama mimi nisivyouliza sana habari za mbegu. Kuna moto wa kiangazi, kuna makaa, kuna mifugo inayokula miche. Yote hayo ni kweli, na msomaji wa jinomu hazimi moto. Ila hoja hii inachanganya mifuko miwili. Fedha za kupanda zimekwisha kutolewa, mashimo yanachimbwa, miche inanunuliwa. Mche wa mama asiyefaa unataka shimo lile lile, maji yale yale na askari yule yule kama mche wa mama anayefaa, na mtu atajua amepoteza miaka 30 wakati miaka 30 imeshapita. Tazama Malawi. Mseda wa Mulanje, mti wa taifa lao, ulikatwa mlimani mpaka ukaingia kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kabisa kutoweka duniani. Leo vijiji vinavyouzunguka mlima vina vitalu vyake, na ni kazi ya kupongezwa. Lakini nasaba zilizoondoka na magogo hakuna kitalu kitakachozirudisha.

Upande wa pili wapo wanaoiuza sayansi hii kupita kiasi, na hao wananitia wasiwasi zaidi kuliko wapinzani, kwa sababu wana lugha tamu ya kuomba fedha. Wanaahidi jeni ya kustahimili hiki na kile. Msonobari wa sukari una jeni maarufu, Cr1, inayoukinga na kutu ya malengelenge, kuvu iliyoingia Amerika Kaskazini kutoka ng'ambo karne moja na zaidi iliyopita. Kusomwa kwa jinomu yake kulirahisisha kuitafuta miti yenye kinga hiyo. Vizuri. Lakini kuna maeneo ambako kuvu hiyo yenyewe ilibadilika ikajifunza kuipita Cr1, na msitu ulioitegemea jeni moja unarudi pale pale. Ndugu yake, msonobari wa gome jeupe wa milima ya juu, uliwekwa Desemba 2022 kwenye orodha ya viumbe walio hatarini chini ya sheria ya Marekani, na jinomu yake nayo imesomwa. Wanaoushughulikia hawatafuti mti mmoja shujaa. Kwa miaka mingi wameambukiza miche kwa makusudi, wakaiangalia msimu baada ya msimu, na wanachotaka kwa vinasaba ni kupunguza muda huo wa kungoja na kuchagua akina mama wengi wenye kinga za aina nyingi. Majaribio ya shambani hayajaisha kazi, wala hayataisha. Atakayekuja Nairobi na mti bora mmoja, anakuja na radiata nyingine.

Swali gumu kweli, ambalo sayansi hii italiingiza mezani tupende tusipende, ni la wapi mbegu iende. Kanuni ya waungwana wa mazingira ni mbegu za hapa kwa hapa: Kirisia, msitu ulio karibu na Maralal, ipandwe mbegu za Kirisia, Aberdare za Aberdare. Ni kanuni nzuri, nami niliishi nayo muda mrefu. Mtarakwa una makao kuanzia milima ya Uarabuni, ukipita Ethiopia, hadi Zimbabwe, na kwetu misitu yake ya kaskazini, kama Kirisia, Nyiru na safu ya Mathews, ni visiwa vilivyozungukwa na nyika kavu. Miti iliyokaa vizazi na vizazi mahali pakavu huenda imejifunza ukavu, na kuichanganya na ya mahali pa mvua ni kuharibu somo. Lakini hali ya hewa ambayo miti hiyo ilijifunza nayo inahama. Mche unaopandwa leo utakuwa kijana wa mtarakwa mwaka 2070, na mvua za mwaka huo hazitakuwa za babu yake. Jimbo la British Columbia nchini Canada lilianza mwaka 2018 kutumia kanuni zinazohamisha mbegu kwa kufuata hali ya hewa inayotarajiwa badala ya mipaka ya kale ya maeneo, na utafiti wa vinasaba vya misonobari na sprusi ulikuwa sehemu ya hoja. Je, mbegu za Maralal zianze kupelekwa sehemu kavu za Mau? Sina jibu, na nashuku yeyote anayelitoa haraka. Ninachojua ni kwamba hatuwezi hata kuanza kubishana kwa maana, kwa kuwa ubishi wenyewe unahitaji kujua ni nini kinachotofautisha mtarakwa wa Maralal na wa Mau. Kijana wa gunia amekuwa akizihamisha mbegu muda wote huo, bila ramani na bila idhini ya mtu.

Kuna suala la umiliki, nalo nitalipitia kwa haraka kwa kuwa msimamo wangu ni mwepesi. Kenya imo kwenye Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kugawana faida za vinasaba vya viumbe, tangu ilipoanza kazi mwaka 2014, na mabishano ya kimataifa sasa ni kuhusu nani anafaidika maandishi ya vinasaba yakishawekwa kwenye kompyuta, mahali ambapo hayahitaji tena pasipoti. Wasiwasi huo si wa kubuni. Dawa yake ni kusoma wenyewe. Jiji hili lina maabara: Gigiri, kwenye shirika la kilimo-misitu la ICRAF, maabara ya kusoma jinomu za mazao ya Afrika yaliyosahaulika ilifunguliwa 2013, Kabete, kwenye ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, watafiti wa bara zima huja kufanya kazi ya vinasaba, na KEFRI ya Muguga, taasisi ya utafiti wa misitu, ina benki ya mbegu na watu wanaoujua mtarakwa kwa gome. Kutoka Gigiri hadi Muguga ni safari ya asubuhi moja, msongamano wa Waiyaki Way ukiwemo. Jani la Kirisia halina sababu ya kupanda ndege.

Likifanyika hilo, kitakachobadilika kwanza ni karatasi. Kila shehena ya mbegu za mtarakwa na za podo, mti mwingine wa asili wa milimani, inayonunuliwa kwa fedha za umma ingebidi iandamane na rekodi ya akina mama: wangapi, mlima gani, mwinuko gani. Sampuli chache zingechomolewa bila taarifa na kupimwa, kama wakaguzi wa vipimo wanavyoingia dukani na mawe yao ya mizani. Muuzaji akisema akina mama 40 na vinasaba vikasema wawili, halipwi. Hapo hata yule kijana atakuwa na sababu ya kupanda mlima mrefu zaidi, na yule mama wa kando ya lami atakuwa na la kumjibu mteja. Bei ya mche itapanda kidogo, na bilioni 15 huenda isitimie kwa wakati. Mimi naona ni heri hivyo, ingawa sitegemei kulisikia hilo likitoka jukwaani.

Yapo hata yasiyohitaji kungoja bajeti ya maabara. Vinasaba vya jani huhifadhika miaka mingi jani likikaushwa upesi kwa silika, vile vichembe vilivyo kwenye kijipakiti unachokikuta ndani ya boksi la viatu vipya ukakitupa. Wakusanyaji wa mbegu wanafika chini ya mitarakwa mizee kila msimu, na wengi wana simu zinazoonyesha walipo. Kijitawi kimoja kwa kila mama, kijipakiti kimoja, namba moja ya mahali, na bahasha ipelekwe Muguga ikae kabatini hadi siku ya kusomwa. Tuanze na Kirisia na Nyiru, na tuanze na miti ile minene iliyo karibu na barabara, maana msumeno nao huanzia hapo.